Mkate wa Edung

Mkate ukitoka kwa moto, ukiupasua na vidole, unatoa mvuke kidogo unaokupiga puani kabla hata hujaona ndani kuna nini. Wengine wakinusa hiyo harufu mate yanawajaa. Mimi nageuza uso. Nimejaribu kujizoesha, nimeshindwa, na sasa sijaribu tena.

Mwezi uliopita hapa Lodwar kijana mmoja alifungua kibanda nyuma ya soko, anauza mikate ya kupasua. Anakuwekea katikati kitu chochote unachotaka: mayai, samaki wa ziwani aliyetolewa miba, maharagwe yaliyopondwa, hata tambi na ndizi vile Wasomali wanapenda. Tulikuwa tumekaa pale wanne, watu wa kazi moja, tunangoja. Mmoja akaanza hadithi kwamba utotoni kwao alikuwa anakula mkate na ugali ndani. Mwingine akasema hiyo si kitu, yeye alikuwa anaweka sukari, chumvi na pilipili pamoja, na mama yake akimkuta anamchapa. Wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Halafu wakanigeukia. Na wewe Akiru, huko kwenu mlikuwa mnaweka nini?

Nikasimama. Nikawaambia wale mikate yao wanyamaze. Mkate wangu nikauacha pale kwa meza nikaenda zangu, na kesho yake nikawaomba msamaha, kwa sababu hawakunikosea kitu. Ni jibu tu sikutaka kulitoa kati ya watu wanaocheka. Nitalitoa hapa, kwenu, polepole.

Mimi nilizaliwa hapa Lodwar, lakini meno yangu ya pili niliyaotea Kakuma. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mbuzi wetu walikuwa wameisha kwa ukame. Baba alikuwa ameenda upande wa Lokichar kutafuta kazi, hakurudi, hakutuma mtu. Mama akasikia kwamba Kakuma kuna kambi ya wakimbizi, na kwamba ndani ya hiyo kambi kuna watu wana unga lakini hawana kuni. Sisi unga hatukuwa nao, lakini kuni tulijua pa kuzitafuta. Tukapanda lori tukaenda.

Mama alikuwa anabeba mzigo wa kuni mrefu kumshinda yeye mwenyewe, anaupeleka kwa boma la mama mmoja Mdinka, mtu wa kusini mwa Sudani, jina lake Rebeka. Akishatua kuni anamchotea maji, anamsugulia sufuria. Rebeka naye anampimia unga, dengu, na mafuta kidogo kwa chupa. Hicho ndicho tulikuwa tunakula. Nataka muelewe hapo vizuri: hatukuwa na boma lingine. Rebeka akifunga mlango, sisi tunalala njaa.

Rebeka alikuwa analea mtoto wa dada yake, Abuk. Alikuwa wa rika langu, miaka tisa hivi, miguu mirefu, na pengo mbele ambalo alikuwa anapitisha ulimi akifikiria. Hakujua Kiturkana, mimi sikujua Kidinka. Kiswahili tulikuwa tunakiokota kwa watu wazima na tunakipanga vibaya wote wawili, kwa hivyo tulisikilizana kabisa. Mama akiwa anasugua sufuria, sisi tuko nyuma ya nyumba ya udongo, kwa kivuli, tunacheza mchezo wetu wa mkate.

Huo mchezo ulikuwa hivi. Kila Jumamosi, saa tisa, Wahabeshi waliokuwa na tanuru pale sokoni kambini wanatoa mikate, ile mirefu myembamba yenye ngozi ngumu. Anti Rebeka anamtuma Abuk akanunue, na anamwachia mmoja wake. Abuk anaukata katikati, nusu yangu nusu yake. Sasa kila mtu analeta kitu cha kuweka ndani, na Jumamosi moja ni zamu yake, Jumamosi ingine ni zamu yangu, na kile umeletewa lazima ule.

Alinilisha vitu, huyo msichana. Alinilisha mkate wa bamia iliyokaushwa, ikavutika kama kamasi kutoka mdomoni mpaka kidevuni, na yeye akacheka akaanguka chali. Alinilisha samaki mkavu aliyetwangwa na njugu, na hiyo sitasema uongo, ilikuwa chakula cha mfalme. Alinilisha maziwa ya unga yaliyokorogwa na mafuta ya msaada mpaka yakawa kama gundi, meno ya juu na ya chini yakashikana, nikawa naongea kwa pua. Siku moja alikosa kabisa akaweka dawa ya meno, kwa sababu aliionja akaona ni tamu. Tulipumua baridi mpaka jioni.

Mimi nilimletea makoma, yale matunda ya mkoma, ganda lake la kahawia nimelitwanga likawa unga. Akasema ni kama kula mlango, lakini mlango wenye sukari. Nilimletea damu ya mbuzi iliyokaangwa na mafuta, siku jirani walichinja. Hiyo aliitazama muda mrefu. Akapitisha ulimi kwa pengo. Halafu akafunga macho akaimaliza yote, akafungua macho akaniuliza kama imebaki.

Kwa sababu kulikuwa na sheria, na aliyeitunga ni yeye. Huruhusiwi kukataa. Ukikataa kilichotoka kwa nyumba ya mwenzako, umesema kwa nyumba yake hakuna chakula. Watoto wawili wenye njaa walitunga sheria kama hiyo. Hakuna mtu mkubwa alitusaidia.

Sasa edung. Wale mnaotoka mbali hamuijui, na bahati yenu. Ni tunda dogo la mti wa porini, linazaa hata mvua ikikataa, na ndiyo maana watu wa Turkana tumelila miaka yote mibaya. Lakini ni chungu, na si uchungu tu, lina kitu ndani kinachoweza kuua mtu. Unalichemsha, unamwaga maji. Unaweka maji mengine, unachemsha, unamwaga tena. Kwa mama yangu ilikuwa maji saba. Kuanzia kabla ya jua mpaka jua linaelekea kushuka, yuko kwa moto.

Mama alikuwa na njia yake. Alikuwa na mawe saba madogo meupe, ya kuokota kwa laga ya Tarach, ule mto mkavu wa mchanga, ameyapanga upande wa kushoto wa moto. Akiweka maji mapya, anasogeza jiwe moja kulia. Nilimuuliza kwa nini asionje tu. Akanieleza kwamba ukionja edung tangu asubuhi, ikifika maji ya tatu ulimi umeshazoea, unaanza kukudanganya kwamba imeiva. Kwa hivyo anaamini mawe.

Na watu walimwamini yeye. Wanawake wa pale kwetu, nje ya kambi, walikuwa wanamletea edung zao kwa mikebe, anachemsha zote kwa sufuria moja kubwa ili kuni na maji zisipotee, jioni anawagawia. Jirani yetu Mama Ekai, mwanamke wa maneno mengi, alikuwa anasema mkono wa huyu mama unaweza kumlisha mtoto mchanga. Mama hakuwa na mbuzi, hakuwa na mume, hakuwa na shanga za maana shingoni. Hicho ndicho alikuwa nacho. Akipita, wanawake wanamsalimia kwanza, ejok, ejok, na nilikuwa natembea nyuma yake nimeinua shingo.

Ile Jumamosi mbaya, kosa lilianza Jumamosi ya kabla yake. Kijana mmoja wa pale kwa kina Abuk, binamu yake, alitukuta na mkate. Akauliza safari hii Mturkana ameleta nini, na kabla sijajibu akasema watu wa hapa wanakula matunda ya porini, wanayashindania na mbuzi. Hayo maneno hayakuniuma sana, nilikuwa nimeyasikia. Kilichoniuma ni kwamba Abuk alicheka. Kidogo tu, kwa pua, vile mtu anacheka kabla hajafikiria. Lakini mimi damu yangu inachemka haraka, tangu zamani. Nilimwambia Jumamosi ijayo ni zamu yangu, na nitamletea hayo matunda ya mbuzi, na atakula mbele yangu yote.

Wiki nzima nilimsumbua mama aweke edung siku ya Jumamosi. Mama akafurahi, akafikiri nimeanza kupenda kupika.

Siku yenyewe tuliamka giza bado, tukaenda laga, kwa kisima cha mchangani, tukachota mitungi mitatu. Mtungi mmoja unatosha maji mawili ya edung, kwa hivyo mitatu ni maji sita, na ya saba ningeenda kuchota baadaye. Mama akachemsha, akamwaga, akasogeza mawe. Yalipofika manne, mtoto akatumwa kutoka kambini kusema Rebeka ana wageni, kuni zimeisha. Mama akajitwika mzigo. Akaniambia yamebaki matatu, nimwage vizuri, nisiharakishe, nisogeze mawe, na nisisahau kwenda laga. Akaenda.

Nikabaki mimi na moto. Jua lilikuwa katikati ya kichwa. Nilifikiria ile njia ya kwenda laga, mchanga unachoma nyayo mpaka unaruka kama panzi. Nilifikiria saa tisa, mkate unatoka, Abuk anangoja na ule ulimi wake kwa pengo, na edung yangu bado inachemka kama haina haraka na mtu. Nilichukua tunda moja nikaweka ulimini. Lilikuwa chungu, lakini nilijiambia si sana. Nilifikiri maji saba ni ukaidi wa watu wakubwa tu, kama kukataza watoto kupiga mluzi.

Nikasogeza jiwe la tano. Nikakaa kidogo. Nikasogeza la sita. La saba nililisukuma na kidole cha mguu.

Mama aliporudi aliangalia mawe. Akaniuliza kama nimemwaga yote. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nimeenda laga. Nikasema ndiyo, na nikaongeza kwamba kisima kilikuwa na foleni. Hiyo foleni hakuna aliyeniuliza. Niliiweka mwenyewe, kama mtu anayeongeza chumvi.

Alichukua kidogo na ncha ya kidole akaonja. Nilimwona amekunja uso. Akatazama mawe tena, yamekaa saba upande wa kulia. Akanitazama mimi. Halafu uso ukakunjuka, na akamwaga yale maji ya mwisho, akaponda edung na mafuta ya mbuzi mpaka ikawa laini, akanijazia kikombe cha bati. Akaniambia hiki ni cha Abuk, nimwambie kimetoka kwetu. Zilizobaki akafunika zipoe, wangekula jioni, yeye na Mama Ekai na wengine.

Nilikimbia njia yote nimefunika kikombe na mkono.

Mkate ulikuwa moto. Abuk aliupasua, mvuke ukatoka, nikapaka edung nusu yake na nusu yangu, nene. Yule binamu hakuwepo, kwa hivyo hakukuwa hata na mtu wa kumwonyesha. Tulikuwa wawili tu. Abuk aliniambia pole kwa kucheka ile siku. Nilimwambia ale.

Tuliuma pamoja. Mimi nilijua mara moja. Uchungu ulinishika kooni kama mkono wa mtu. Nilijifanya nakohoa, nikageuka, nikatema mchangani nikafunika na mguu, na mkate wangu nikauweka nyuma yangu, chini ya gunia. Nilipogeuka, Abuk alikuwa anatafuna. Machozi yalikuwa yamemjaa. Alikuwa ananiangalia usoni, na mimi niliona kwamba anasubiri nimwambie aache. Neno moja tu.

Sikusema. Nilikuwa nataka kushinda.

"Iko tamu," akasema. Akauma tena. Akala mpaka akamaliza, na makombo kwenye sketi akayaokota.

Nilirudi nyumbani jioni. Mama alikuwa anataka kupika uji, akaenda kivulini kuchukua mtungi. Ulikuwa umejaa. Ule mtungi wa tatu, haujaguswa, na kifuniko chake bado kimebana vile yeye alikibana asubuhi. Mnaweza kuuliza kwa nini sikuumwaga, mtu mwongo kama mimi. Nilifikiria. Niliinua ule mtungi mchana nikauinamisha kabisa. Lakini mtoto wa Turkana anaweza kuiba, anaweza kudanganya mama yake, ila kumwaga maji safi mchangani, na ametoka kuyabeba kwa kichwa, mkono unakataa.

Mama alisimama na mkono kwa kifuniko. Alienda kwa sufuria, akachota edung mdomo mzima, akaitema. Akainua sufuria yote, pamoja na za Mama Ekai na za wale wengine, akamwaga nyuma ya nyumba. Ndiyo akaniuliza swali moja, kama Abuk amekula. Nikasema amemaliza.

Sijawahi kuona mama akikimbia kabla ya hiyo siku, wala baadaye. Alikimbia na shanga zake zinapiga kifua, na mimi nyuma nalia.

Tulikuta Abuk amepelekwa zahanati ya kambi. Tangu alipoanza kutapika hakuwa ameacha, na sasa macho yalikuwa yamegeuka na miguu ile mirefu inatetemeka juu ya kitanda. Nje palikuwa pamejaa watu, Wasudani, na Waturkana waliokuwa wamekuja na kuni na maji, na Mama Ekai, aliyetufuata mbio kutoka nyumbani, akaingia kati yao. Siku hizo watu wa kambi na watu wa nje hawakuwa wanaaminiana sana. Watu walikuwa wameumizana kwa sababu ya kuni na mbuzi. Nilisikia mwanaume mmoja akisema wameanza kutuwekea sumu.

Anti Rebeka alitoka nje. Alikuwa mwanamke mkubwa, mpole, mtu wa kanisa, anaimba akipika. Alisimama mbele ya mama.

"Wewe napa mtoto yangu nini?"

Mama akajibu kwa Kiswahili chake kile cha kuokoteza, taratibu, kila mtu asikie. "Ni edung. Ni mimi nachemsha. Ni mimi nahesabu mbaya."

Nilikuwa nimesimama kando yake. Nilifungua mdomo, naapa nilifungua, na mama bila kuniangalia akanishika mkono hapa juu ya kiganja, akaufinya mpaka mfupa ukauma. Nikafunga mdomo.

Rebeka alilia. Akauliza mtu aliyepika edung miaka yote anahesabuje mbaya. Mama akasema ni uchovu. Akakubali matusi yote, moja moja, kichwa kimeinama. Mama Ekai naye, kwa Kiturkana, akaanza kuwaambia wengine kwamba ameona edung zake zimemwagwa nyuma ya nyumba, kwamba wangekufa wote leo, kwamba huyu mwanamke mkono wake umeharibika. Nilimchukia Mama Ekai kwa hayo maneno. Nilimchukia miaka mingi, kwa bidii, kama kazi.

Abuk hakufa. Alilala zahanati siku tano. Mimi sikuruhusiwa kumwona, na kusema kweli sikuomba. Nilimwona mara moja tu baadaye, ng'ambo ya ua wa miiba, amekonda, amebeba ndoo. Aliweka ndoo chini, akapitisha ulimi kwa pengo, akafungua mdomo kuniita. Mimi nilikimbia. Mwaka uliofuata nikasikia wameondoka na ndege, wamepelekwa nchi ya mbali yenye baridi, na sijawahi kusikia habari zake tena.

Rebeka hakufunga mlango kwa ubaya. Alimtuma mtu na kikombe cha unga, cha mwisho, na ujumbe kwamba watu wake hawawezi tena kula kilichoguswa na mama. Kuni akaanza kununua kwa mwingine. Mikebe ya edung ikaacha kuja. Ilikuwa ukame bado, wanawake walikuwa wanachemsha kila mtu kwake, wanapoteza kuni na maji, lakini kwa mama hawakuja. Walipokutana naye njiani walimsalimia, ejok, lakini wa kwanza kusalimia sasa alikuwa ni yeye.

Tulikaa miezi mitatu tunakula makoma. Halafu tukarudi Lodwar kwa lori la mbuzi, kwa dada yake, na mama akaanza kusuka vikapu vya kuuza.

Nilifikiri jina halitapanda lori. Lilipanda. Watu wa Kakuma wanakuja Lodwar kila siku, na maneno hayalipi nauli. Shuleni msichana mmoja akaniita mtoto wa Mama Sumu. Nilimpiga mpaka akatoka damu puani. Mwingine akarudia, nikampiga na yeye. Nilipigana darasa la tatu lote na la nne, mpaka nikafukuzwa, na kusoma kulikobaki nikajisomea mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia nyama na vitabu vya kuazima. Watu walisema huyu mtoto ana hasira lakini anampenda mama yake. Ukimgusa mama yake umekwisha. Nilisifiwa kwa hiyo. Na mimi nilipokea sifa, na nilipokuwa nimemkalia mwenzangu kifuani nikimwambia aseme mama yangu hakufanya kosa, nilikuwa najua kabisa ni nani alifanya. Nilikuwa napiga watoto wa watu kwa sababu ya uongo nilioutengeneza mwenyewe.

Nilikua. Nikajieleza hiyo hadithi vizuri, vile mtu anajitengenezea mahali pa kulala. Nilisema mama alinyamaza kwa sababu alinipenda. Nilielewa, nikiwa msichana mkubwa, alichokuwa ananikinga nacho. Mama mzima akikosea kuchemsha, watu wanasema amechoka. Mtoto akidanganya kwa sufuria, na mtoto wa kambi akalala anatetemeka, siku kama ile, wangesema ametumwa, ni sumu, na kuni na mbuzi zingeingia hapo, na watu wangeumia. Na mimi ningekua nikiwa msichana ambaye haachiwi moto. Mama alichukua hilo jina ili lisinishike. Nikasema basi, hilo ndilo alilotaka, na kusema ukweli sasa ni kumharibia zawadi yake. Nilitembea na hayo mawazo miaka mingi na yalinikaa vizuri.

Mwaka juzi nilimwambia. Alikuwa amekaa nje kwa mkeka anasuka, macho yake hayaoni vizuri tena lakini vidole vinajua njia. Tulikuwa tumepata habari kwamba Mama Ekai amefariki Kakuma, na yeye ndiye alikuwa wa mwisho wa wale wanawake. Sijui ni nini kilinifungua. Nikamwambia mama, ile edung, ni mimi nilisogeza mawe.

Hakuacha kusuka. Akaniambia kwamba anajua, aliona mtungi. Nikamwambia najua kwamba anajua. Nikaanza kumshukuru, nikamwambia vile alivyonikinga, nikamwambia nimebeba hiyo siri kwa heshima yake, kwa sababu yeye ndiye alinifinya mkono nisiseme.

Hapo ndipo vidole vilisimama.

"Nilikufinya siku moja," akasema. "Ile siku, mbele ya wale watu wenye hasira. Hizo siku zingine zote, Akiru, ni nani alikushika?"

Nikamwambia sikujua kwamba alitaka niseme. Akasema hakuwa anaweza kuniomba. Kama angeniomba, ingekuwa ni yeye anajitetea. Alikuwa anangoja nije mwenyewe. Alifikiri labda nikifika miaka kumi na mbili. Halafu akafikiri labda nikishaolewa. Mama Ekai alipita hapa Lodwar mara mbili, alilala kwa nyumba hii, mimi ndiye nilimpikia chai na sikumtazama usoni, na mama alikaa pale kati yetu anangoja. Sasa amekufa, akasema, na wale wengine wamekufa, na Rebeka yuko nchi ya watu. Unaniambia mimi, akasema. Mimi nilikuwa najua.

Halafu akarudi kwa kikapu chake.

Watu wa Lodwar wananijua. Nimegombana na wenye maduka, nimemjibu chifu mbele ya baraza, nimesimama kanisani nikamwambia mzee wa kanisa kwamba anadanganya. Wanasema Akiru hana kifuniko, Akiru akiwa na neno lazima litoke. Na mama yangu amekaa kando yangu miaka yote hiyo, anasikiliza yote ninayosema kwa kila mtu, anangoja lile moja.